Ray Alexander, mbunge aliyezuiwa mlangoni

Aprili 18, 2021, moto ulioshuka kutoka miteremko ya Table Mountain uliteketeza Maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Machapisho yapatayo 70,000 kuhusu Afrika yakawa majivu. Nyaraka za ghala la chini zilinusurika kwa sehemu kubwa, kwa kuwa milango ya kuzuia moto ilijifunga kwa wakati. Siku zilizofuata watu wa kujitolea walipokezana kreti za makaratasi yaliyoloa maji ya zimamoto.

Chuo hicho ndicho kinachotunza karatasi za Ray Alexander na mumewe, Jack Simons. Huku kwetu Ray hatajwi sana, na ni hasara yetu.

Binti huyu wa Kiyahudi kutoka Latvia alifika Cape Town Novemba 1929, akiwa na miaka 15, na siku chache baadaye akajiunga na Chama cha Kikomunisti. Mwaka 1941 alianzisha chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chakula na makopo, FCWU. Wengi wao walikuwa wanawake waliomenya na kukata matunda, walioajiriwa kwa msimu tu. Mmoja wao, Liz Abrahams wa Paarl, alikuja kuwa katibu mkuu. Serikali ya makaburu ilimpiga Ray marufuku kufanya kazi ya chama hicho mwaka 1953.

Ndipo ukaja mvutano wa Bunge. Sheria ya 1936 iliwaondoa wapiga kura Waafrika wa Cape kwenye daftari la wote, wakaachiwa kuchagua Wazungu watatu wa kuwasemea. Wao wakawachagua watu ambao serikali haikutaka hata kuwasikia. Mmoja wao, Sam Kahn, alifukuzwa bungeni 1952. Wakampeleka Brian Bunting, naye akafukuzwa 1953. Mwaka 1954 wakamsimamisha Ray. Serikali ikaharakisha sheria ya kuwazuia watu kama yeye wasichaguliwe, lakini wapiga kura hawakurudi nyuma, wakampa ushindi mkubwa. Alipokwenda kuchukua kiti chake, polisi walimzuia kwa nguvu mlangoni. Watu waliopokonywa karibu kila haki walitumia kura waliyobakiziwa kusema "hapana" mara tatu mfululizo! Ni ushujaa unaostahili kufundishwa shuleni.

Aprili ya mwaka huohuo wa 1954, Ray alikuwa miongoni mwa walioasisi Shirikisho la Wanawake wa Afrika Kusini, FEDSAW, lililoongoza maandamano ya wanawake 20,000 hadi Pretoria, Agosti 9, 1956.

Historia ya namna hii hukaa kwenye barua, kumbukumbu za vikao na orodha za wanachama. Nairobi, karatasi za Makhan Singh, muasisi wa vyama vya wafanyakazi Kenya, zimehifadhiwa chuo kikuu. Ni wangapi wengine ambao majalada yao yameishia kwa mchwa au kwa wauza karanga? Viongozi wa vyama vya wafanyakazi wanalo jukumu la kuyahifadhi, na wanalikwepa.

Jack, mume wa Ray, alifundisha Chuo Kikuu cha Cape Town tangu 1937 hadi serikali ilipompiga marufuku kufundisha. Mwaka 1965 wawili hao walikwenda uhamishoni, wakaishi Lusaka, na wakiwa uhamishoni wakachapisha kitabu chao kikubwa kuhusu tabaka na rangi Afrika Kusini. Walirudi nyumbani 1990. Jack alifariki 1995, Ray 2004, na karatasi zao zikawekwa katika chuo kilekile ambako Jack alikatazwa kufundisha.