Watakatifu wa Barafu na Mche wa Nyanya

Ujerumani, Austria, Poland na Hungaria, mwenye bustani anayefuata mila hatoi mche wa nyanya nje kabla ya watakatifu wa barafu kupita. Ni sikukuu zinazofuatana katikati ya Mei: Mamertus tarehe 11, Pankratius 12, Servatius 13, Bonifatius 14 na Sophia 15. Kaskazini mwa Ujerumani hesabu huanza na Mamertus, ilhali kusini wengi huanza na Pankratius na kufunga na Sophia, anayeitwa Sophia wa baridi. Mamertus mwenyewe alikuwa askofu wa Vienne katika karne ya 5, na ndiye anayetajwa kuanzisha maandamano ya sala za kuombea mashamba siku chache kabla ya sikukuu ya Kupaa. Kwa karne mbili sasa wataalamu wa hali ya hewa wameipima kanuni hii kama utabiri, yaani dai kwamba baridi hurudi siku hizo hasa, na wengi wameishia kuiweka kando. Naona wamepima kitu kingine. Kanuni hii haikusema jalidi itaanguka lini. Ilimwambia mkulima ni hatari kiasi gani anayoweza kuibeba, na historia yake haieleweki ukiisoma vinginevyo.

Tuanze na mimea yenyewe. Bustani ya jikoni ya Ulaya katika zama za kati ilijaa kabichi, liki, vitunguu, njegere na maharage mapana, mimea inayostahimili usiku wa baridi bila shida kubwa. Aliyekuwa na sababu ya kuogopa Mei ni mwenye mizabibu na mwenye miti ya matunda, kwa kuwa maua na machipukizi mapya huungua jalidi ikishuka. Nyanya, maharage ya kawaida, maboga na pilipili hoho zilitoka Amerika baada ya 1492. Nyanya iliandikwa kwa mara ya kwanza Italia mwaka 1544 na tabibu Pietro Andrea Mattioli, na ikachukua muda mrefu sana kuwa chakula cha kila siku kaskazini mwa milima ya Alps. Kwa hiyo kanuni ya kutopanda mboga kabla ya Sophia, kama inavyosemwa leo, haiwezi kuwa na umri mkubwa kama inavyodhaniwa. Watu walizichukua siku walizokwisha kuziogopa kwa ajili ya zabibu na matunda, wakazitumia kuilinda mimea migeni isiyojua baridi.

Hapo ndipo inapokuja hoja nzito zaidi dhidi ya mila hii. Mwaka 1582 Papa Gregory XIII alirekebisha kalenda: tarehe 4 Oktoba ilifuatwa na tarehe 15, siku kumi zikafutwa. Majimbo ya Kiprotestanti ya Ujerumani yalikubali mwaka 1700, yakavuka kutoka tarehe 18 Februari hadi tarehe 1 Machi. Kama siku hizi zilichaguliwa kabla ya mageuzi hayo, basi Pankratius wa zamani alikuwa akiangukia siku ambayo leo tungeiita 22 Mei au karibu nayo. Wapinzani husema: watakatifu walihama na baridi ikabaki palepale, kwa hiyo mila ilikufa siku hiyo bila wenyewe kujua. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama jalidi ya mwisho ingekuwa na siku yake maalumu. Haina. Husambaa katika majuma kadhaa, mwaka huu mapema, mwaka ujao kwa kuchelewa, na uwezekano wake hupungua kidogo kidogo kadiri Mei inavyosonga. Ukiusogeza mpaka wako siku kumi, unaongeza hasara za baadhi ya miaka, lakini hubomoi kanuni nzima. Utabiri wa siku kamili ungeumbuka ndani ya kizazi kimoja, na wakulima wangeuacha. Tarehe ya tahadhari huweza kusogezwa hivyo ikaendelea kufaa.

Wanasayansi wa karne ya 19 waliitafuta baridi hiyo kwa bidii ya kweli. Adolf Erman alipendekeza kwamba kundi la vimondo hupita kati ya dunia na jua kila Mei na kupunguza joto. Heinrich Wilhelm Dove alichunguza kurudi kwa baridi mwezi Mei, na Alexander Buchan wa Scotland akaorodhesha vipindi vya baridi vya kila mwaka, kimojawapo tarehe 9 hadi 14 Mei. Vimondo vya Erman vimesahauliwa, na vipindi vya Buchan havikuthibitika kama kalenda ya kutegemewa. Lakini wote walikuwa wakisoma vipimo vya joto la hewa, na mche hauishi kwenye kimo cha kipimajoto. Ujerumani joto la hewa hupimwa mita 2 juu ya ardhi. Usiku usio na wingu wala upepo, ardhi hupoteza joto lake kuelekea angani, na hewa iliyo sentimita chache juu ya udongo hupoa kuliko ile ya juu. Kituo huweza kuandika nyuzi 3 juu ya sifuri wakati majani ya maharage chini yake yameganda. Maji huwa barafu kati ya seli na seli, barafu hiyo huzinyonya maji yake, na jua likichomoza jani ni jeusi, limelegea kama mchicha uliochemshwa.

Tena hewa baridi ni nzito, hutiririka kushuka mteremko na kutuama bondeni. Bustani mbili za kijiji kimoja, moja kilimani na nyingine mtoni, zinaweza kuwa na tarehe tofauti za jalidi ya mwisho. Wakulima wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania wanalijua jambo hili kwa upande wake mwingine: kule Njombe na Makete jalidi huja katikati ya kiangazi, Juni hadi Agosti, anga likiwa jeupe, na vinyungu, yaani mashamba madogo yanayolimwa msimu huohuo, viko mabondeni, kwenye unyevu, palepale hewa baridi inapokusanyika. Huko hakuna kungoja jalidi ya mwisho ndipo upande, kwa sababu maji na baridi vimekaa mahali pamoja. Ulaya ya kati ina nafuu ambayo bonde la Makete halina: baridi hufika mwisho wake, na mche unaweza kulelewa ndani mpaka mwisho huo ukaribie.

Siku hizi taasisi ya hali ya hewa ya Marekani huchapisha tarehe za jalidi kwa uwezekano wa asilimia 10, 50 na 90, ili kila mtu achague mwenyewe kiasi cha hatari. Watakatifu walifanya kazi hiyohiyo bila hesabu, na waliegemea upande wa uangalifu. Inasemwa kwamba ongezeko la joto duniani limeifanya tahadhari hiyo iwe bure. Aprili 2021 Ufaransa iliona kinyume chake: mizabibu iliyochipua mapema kwa joto la Machi iliunguzwa na jalidi wiki ya kwanza ya Aprili, katika moja ya hasara kubwa za kilimo nchini humo. Mzabibu hauwezi kuambiwa usubiri. Mche wa nyanya unaweza, na kusubiri kwake hakumgharimu mkulima kiasi anachodhani, maana udongo ukiwa chini ya nyuzi 10 au 12 mizizi hulala tu, na mche uliowahishwa nje hukaa wiki mbili bila kukua, huku kila usiku mweupe ukiweza kuwa wa mwisho wake.