Uaminifu kwa Injini Kongwe

Injini ya mvuke iitwayo Flying Scotsman, iliyokamilishwa katika karakana za Doncaster, Uingereza, mwezi wa Februari 1923, ndiyo iliyothibitishwa rasmi mwaka 1934 kuwa ya kwanza nchini humo kufikia mwendo wa maili 100 kwa saa. Na kwa taadhima hiyo, kila aliyetwaa dhamana ya kuikarabati amekabiliwa na suali zito: irejeshwe katika hali ya zama zipi?

Maana umbo lake halikudumu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ilitiwa dohani ya matundu mawili, iliyoizidishia nguvu lakini ikautoa moshi kwa ulegevu hata ukamziba dereva macho, ndipo mwaka 1961 pakafungwa mabati mawili ubavuni ili upepo uunyanyue moshi huo. Alan Pegler, alipoinunua mwaka 1963, aliyaondoa hayo, akairudishia rangi ya kijani cha tufaha na nambari 4472. Baadaye wengine wakarejesha dohani pacha na mabati ilhali rangi ya kale imebaki, ikawa sura ambayo enzi za kazi yake haikupata kuonekana.

Makumbusho ya Taifa ya Reli, iliyoimiliki tangu 2004, iliirudisha njiani mwaka 2016 kwa kijani kilichokoza na nambari 60103, vilivyowafikiana na dohani na mabati yake. Huo ndio uamuzi wa insafu, kwani mkarabati ni shahidi wa tarehe, na shahidi hana ruhusa ya kuchanganya zama mbili kwa ajili ya kupendeza macho.