Safu ya Maoni: Historia ya Azimio la Kazi la Somo la Kiingereza Kilosa na Mikumi

Utangulizi

Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alifika Usagara akiwa na mikataba iliyoandikwa kwa Kijerumani. Mangungo wa Msowero, katika eneo ambalo leo limo ndani ya Wilaya ya Kilosa, alitia alama yake kwenye mmojawapo wa mikataba hiyo pasipo kuweza kuusoma. Kisa hiki kinajulikana kwa kila aliyepita shule ya sekondari nchini Tanzania. Lisilosemwa sana ni kwamba kwa miaka mingi kisa hicho kilifundishwa kwa Kiingereza, hata kwa wajukuu wa Msowero wenyewe, ambao wengi wao walikuwa wametoka katika miaka saba ya kusoma kwa Kiswahili. Mtoto alisimuliwa habari za mtu aliyepewa karatasi asiyoielewa, na alisimuliwa kwa lugha ambayo naye hakuielewa barabara.

Mhadhara huu hauhusu mikataba. Unahusu karatasi nyingine, ya unyenyekevu zaidi, ambayo mwalimu wa Kiingereza wa Kilosa au Mikumi huiandaa kabla muhula haujaanza na kuifuata juma baada ya juma: azimio la kazi, pamoja na mwana wake, andalio la somo. Hoja yake ni moja. Tangu mwanzo karatasi hiyo imeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa kufikirika, yule anayeingia Kidato cha Kwanza akiwa tayari na Kiingereza. Kazi ya kumfikia mwanafunzi halisi imefanywa na mwalimu kwa mdomo, aghalabu kwa Kiswahili, na haikuandikwa popote. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya historia ya Kiswahili katika shule za sekondari imepotea, ingawa safu ya kuihifadhi ilikuwapo katika kila ukurasa.

Majina na asili yake

Hati za mwalimu zina ngazi. Juu kabisa upo muhtasari wa somo, unaotoka kwa Taasisi ya Elimu Tanzania, chombo kilichoanza mwaka 1975 kikiwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala na kupewa jina lake la sasa mwaka 1993. Kutokana na muhtasari, mwalimu hutengeneza azimio la kazi, linalogawa mada katika miezi na majuma ya mwaka. Kutokana na azimio hutengeneza andalio la somo, la kipindi kimoja au viwili. Mwisho huandika nukuu za somo, yaani yale yatakayofika ubaoni.

Majina haya yanastahili kutazamwa. Jina la Kiingereza la hati ya pili humaanisha mpango tu. Kiswahili kilichagua azimio, neno lenye asili ya Kiarabu linalobeba maana ya kukata shauri na kujifunga nalo. Baada ya Februari 1967, lilipotangazwa Azimio la Arusha, neno hilo lilipata uzito wa kisiasa ambao halijauacha. Mwalimu anayeandika azimio anatoa ahadi, na ahadi hudaiwa. Andalio, kwa upande wake, linatokana na kuandaa, kitenzi cha mezani na shambani: mtu huandaa chakula kwa ajili ya mgeni anayemjua, na huandaa shamba kwa mvua anayoitazamia.

Kipimo cha ahadi hiyo ni juma, au wiki, kwani fomu hutumia maneno yote mawili. La kwanza limetokana na jina la Kiarabu la siku ya Ijumaa. La pili ni la Kiingereza. Juma la Waswahili huanza Jumamosi, siku ya mosi, ilhali juma la shule huanza siku ambayo jina lake lenyewe linasema ni ya tatu. Jambo hili ni dogo, lakini linaonyesha kwamba kalenda ya shule iliwekwa juu ya kalenda nyingine iliyokuwapo, na wenyeji wakazibeba zote mbili bila ya kulalamika. Ndivyo ilivyokuwa kwa lugha pia.

Umbo la mpango

Umbo la andalio lina safari ndefu. Mjerumani Johann Friedrich Herbart, aliyefariki mwaka 1841, aliweka msingi wa wazo kwamba fundisho jipya lishikizwe kwenye yale mwanafunzi anayoyajua. Wafuasi wake, hasa Wilhelm Rein wa Jena, waliligeuza wazo hilo kuwa hatua tano: maandalizi, uwasilishaji, ulinganishaji, ujumlishaji na utumiaji. Mwishoni mwa karne ya 19 vyuo vya ualimu vya Uingereza vilizipokea hatua hizo, na desturi ya kuandika somo kwa hatua ikaingia katika makoloni pamoja na walimu waliofunzwa huko. Andalio la Tanzania la mwanzoni mwa karne ya 21 nalo lina hatua tano: utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakari na hitimisho.

Kutoka Marekani yaliongezwa malengo yanayopimika. Ralph Tyler mwaka 1949 na Benjamin Bloom mwaka 1956 walisisitiza kwamba lengo la somo litajwe kwa tendo ambalo mwanafunzi ataweza kulifanya. Ndipo ikaenea kanuni ambayo kila mwalimu wa Tanzania anaijua kwa moyo: hadi mwisho wa kipindi, mwanafunzi aweze kufanya jambo fulani. Mtaala wa mwaka 2005 uliongeza safu ya umahiri, na mada za Kiingereza zikapangwa kwa matumizi ya lugha: kuelekeza njia, kutumia kamusi, kueleza shughuli za kila siku, kutaja mambo ayapendayo mtu na asiyoyapenda.

Hapana shaka kwamba hatua hizi zilikuwa na manufaa. Lakini tazama sharti la Herbart mwenyewe: kuanzia kwenye kinachojulikana. Katika Kilosa, kinachojulikana kimo ndani ya Kiswahili, na nyuma ya Kiswahili katika Kikaguru, Kisagara, Kividunda na lugha nyingine. Andalio linamtaka mwalimu aanze na kinachojulikana, na papo hapo linamtaka akiseme kwa kisichojulikana.

Mwanafunzi wa kwenye karatasi

Mgongano huu una tarehe zake. Mwaka 1967, mwaka wa Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi nchini kote. Sekondari ilibaki na Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza sekondari zianze kutumia Kiswahili kuanzia mwaka 1985. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 Criper na Dodd walitoa ripoti iliyoonyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kujifunzia masomo mengine. Hata hivyo walishauri lugha hiyo iimarishwe, isiondolewe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ulifuata mradi wa kuimarisha ufundishaji wa Kiingereza kwa msaada wa Uingereza, ulioleta shuleni vitabu vyepesi vya kusoma.

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 iliahidi tena mpango wa kuhamia Kiswahili, na ahadi hiyo haikutekelezwa. Kisha ulikuja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari wa mwaka 2004 hadi 2009, uliofungua shule za kata kila pembe ya nchi, na vijana ambao zamani wangeishia darasa la saba wakaingia Kidato cha Kwanza kwa maelfu. Mtaala ulioboreshwa ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umegusa mengi, lakini Kiingereza kimebaki lugha kuu ya kufundishia sekondari.

Katika muda huo wote azimio la kazi halikubadilisha dhana yake juu ya mwanafunzi. Juma la kwanza linafuatwa na la pili kana kwamba lugha ya somo imekwisha kufika darasani kabla ya somo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Casmir Rubagumya na Martha Qorro, walionyesha tangu miaka ya 1990 jinsi mambo yalivyokuwa: mwalimu husoma kwa Kiingereza, hufafanua kwa Kiswahili, kisha hurudi kwenye Kiingereza ili wanafunzi wanakili. Tendo la katikati, ambalo ndilo ufundishaji wenyewe, halina safu katika azimio wala hatua katika andalio.

Juma la Kilosa na juma la Mikumi

Kilosa na Mikumi ziko katika wilaya moja, lakini hazina mazingira sawa ya lugha. Nchi hii ilipitiwa na misafara ya karne ya 19, iliyokipeleka Kiswahili bara. Mamboya, kaskazini ya mji wa Kilosa, ilikuwa kituo cha wamisionari wa Kianglikana, na mmoja wao, J. T. Last, alichapisha sarufi ya Kikaguru mwaka 1886. Kisha Wajerumani walijenga boma na reli ya kati, na mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa yakavuta vibarua kutoka makabila mengi. Katika mchanganyiko huo, Kiswahili ndicho kilichowaunganisha watu. Mtoto wa Kilosa mjini anaweza kumaliza juma zima bila kuhitaji neno la Kiingereza nje ya uzio wa shule.

Mikumi imekulia kwenye barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, na kando ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Hapo Kiingereza kina uso: kimo katika mabango, katika hoteli, katika midomo ya waongoza watalii. Mwalimu anayepanga mada ya kuelekeza njia ana mfano ulio hai mlangoni. Lakini ukaribu huo usitiwe chumvi. Kijana anayeuza matunda barabarani hujifunza kutaja bei na kushukuru. Hilo halimwezeshi kusoma kitabu cha biolojia.

Azimio la shule zote mbili hutokana na muhtasari mmoja, na nafasi ya mwalimu kuitofautisha Kilosa na Mikumi imo hasa katika safu ya zana na vitendo. Kalenda nayo haijui masika. Mwishoni mwa mwaka 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulifurika, ukabomoa nyumba za Kilosa, ukakata reli na kuwaacha maelfu ya watu mahemani. Januari ndiyo juma la kwanza la azimio.

Hesabu ndogo itatosha kuonyesha ufinyu wa juma lenyewe. Tuseme darasa lina vipindi sita vya Kiingereza kwa juma, kila kimoja dakika 40. Hizo ni saa nne. Wanafunzi wakiwa 60, kila mmoja angepata dakika nne za kuzungumza kwa juma zima, iwapo tu mwalimu mwenyewe angenyamaza tangu Jumatatu hadi Ijumaa.

Safu ya mwisho

Upande wa kulia wa azimio la kazi, baada ya rejea na upimaji, ipo safu nyembamba iitwayo maoni. Humo mwalimu hutakiwa kueleza yaliyotokea: mada imefundishwa au haikufundishwa, imeeleweka au imesalia. Kila aliyewahi kupita katika ofisi ya walimu anajua sentensi inayojazwa mara nyingi humo, kwamba mada imefundishwa na kueleweka vizuri. Sentensi hiyo haiandikwi kwa uongo wa hulka. Huandikwa kwa sababu msomaji wake anajulikana. Ni mkuu wa shule, au mkaguzi, ambaye siku hizi huitwa mthibiti ubora wa shule. Azimio ni ahadi, na hakuna apendaye kuandika mbele ya mdai kwamba hakulipa.

Hata hivyo safu hiyo ndiyo sehemu pekee ya hati inayotazama nyuma. Safu nyingine zote zinasema yatakayokuwa. Laiti mwalimu angekuwa huru kuandika humo kwamba juma la tatu darasa halikujua maana ya neno fulani, kwamba alieleza kwa Kiswahili na kwa mfano gani, na kwamba hapo ndipo mikono iliponyooshwa, taifa lingekuwa na kumbukumbu ya zaidi ya nusu karne ya Kiswahili kikifanya kazi kisichohesabiwa kuifanya. Mabishano juu ya lugha ya kufundishia, ambayo tangu mwaka 1982 yamekuwa yakirudia hoja zile zile, yangekuwa na ushahidi wa darasani, wa juma kwa juma, kutoka Ilonga hadi Kidodi.

Hitimisho

Kuna mambo mawili yanayofuata. La kwanza ni la wanataaluma wa Kiswahili. Maazimio ya kazi na maandalio ya zamani hufungiwa makabatini, huliwa na mchwa au huchomwa moto wakati stoo inapohitajika. Hizo ni nyaraka za historia ya lugha, kama zilivyo barua na sarufi za wamisionari, na zinafaa kukusanywa kabla hazijatoweka. Hata pale zinapokaa kimya, ukimya wao unasomeka.

La pili ni la wanaosimamia shule. Mwalimu asihukumiwe kwa kukiri alipotumia Kiswahili. Akiri, aandike, na kukiri kwake kuhesabiwe kuwa sehemu ya kazi. Mpango wa somo la Kiingereza utakapomkubali mwanafunzi aliyepo, pamoja na lugha anayoingia nayo mlangoni, ndipo kitenzi kuandaa kitakaporudi kwenye maana yake. Mangungo hakupata mtu wa kumfasiria karatasi yake kwa uaminifu. Mtoto wa Msowero wa leo anaye mwalimu anayemfasiria kila juma, na kinachokosekana ni safu itakayosema hivyo.