Baiskeli ya kazi katika wilaya za Tarime na Serengeti

Baiskeli ya kazi, katika wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara, ni baiskeli anayoipanda mtu kwenda kwenye shughuli inayompa riziki, au anayoifanyia shughuli hiyo yenyewe. Wanaoitumia ni fundi ujenzi mwenye mwiko na timazi, mchuuzi wa maziwa, muuza maji, kibarua wa shamba, mlinzi wa usiku, mwalimu aliyepangiwa shule ya kijijini, mama au kijana anayepeleka ndizi sokoni. Kwenda kazini na kufanya kazi havitenganishwi kirahisi hapa. Mchuuzi wa maziwa akishatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, kazi imekwisha kuanza, ingawa mji bado uko mbali. Makala hii inahusu miji ya Tarime na Mugumu, miji midogo ya Sirari na Nyamongo, na vijiji vinavyoilisha miji hiyo kwa chakula na kwa nguvu kazi.

Ardhi

Mwinuko wa ardhi ndio unaoamua nani apande baiskeli na nani atembee. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Tarime uko karibu mita 1,500. Mchuuzi wa samaki anayetoka mwaloni upande wa wilaya jirani ya Rorya akielekea Tarime ana zaidi ya mita mia tatu za kupanda, akiwa na sanduku la sangara au gunia la dagaa nyuma yake, kwenye baiskeli isiyo na gia. Sehemu za mlima huzimaliza kwa miguu, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine ukisukuma mzigo. Kusukuma huko ni sehemu ya safari, na kila mwenye baiskeli hukupigia hesabu tangu anapofunga mzigo.

Katika vijiji vya nyanda za juu, kama Muriba, hali ni kinyume. Ardhi ni nyekundu, mvua ni nyingi, kahawa na migomba vinastawi, na njia ya kwenda kwenye masoko ya chini ni mteremko. Mkungu wa ndizi unateremka wenyewe, na kinachomtia hofu mpandaji ni breki. Baiskeli nyingi za aina ya zamani hutumia breki za vyuma zinazobana ukingo wa gurudumu, na ukingo ukilowa, breki hizo hazishiki vizuri. Ndiyo maana katika masika ya Machi hadi Mei utawaona wapandaji wenye mzigo wakishuka na kuteremka kwa miguu, wakiizuia baiskeli kwa uzito wa miili yao. Asiyejua nchi hii hudhani wamechoka.

Mto Mara, unaotoka katika msitu wa Mau nchini Kenya, kupita Masai Mara na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na kumwaga maji yake ziwani, hutenganisha wilaya hizi mbili. Kusini ya mto, kuelekea Mugumu, vilima hupungua ukali na sehemu ndefu ni tambarare au miinuko ya taratibu. Huko baiskeli ina nafasi kubwa zaidi ya kumfikisha mtu kazini bila kushuka. Tatizo la huko ni udongo mweusi wa mbugani. Ukikauka unapasuka na kutoa njia ngumu kama zege, na ukilowa hunata kwenye magurudumu, hujaa kati ya tairi na madgadi, na baada ya hatua chache baiskeli haisogei. Siku ya namna hiyo mtu huibeba begani.

Historia

Baiskeli za kwanza zilizoenea Afrika Mashariki wakati wa ukoloni zilikuwa za Kiingereza, na jina lililojulikana kuliko yote lilikuwa Raleigh, kampuni ya mjini Nottingham. Tarime wakati huo ilikuwa makao ya wilaya ya North Mara. Kama kwingineko Tanganyika, baiskeli ilikuwa chombo cha mwenye mshahara, yaani karani, mwalimu, katekista, tarishi, na baadaye mkulima aliyeuza kahawa kupitia chama cha ushirika. Baada ya uhuru wa 1961 bwana shamba na mganga wa zahanati wakaongezeka kwenye orodha hiyo.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Kabla yake familia nyingi ziliishi zimetawanyika, mji wa mtu ukiwa kando ya shamba lake na malisho yake. Kaya zilipokusanywa vijijini, shamba likabaki kule kule na nyumba ikahamia kwingine. Hapo ndipo safari ya kila siku ya kwenda kazini ilipozaliwa kwa mkulima ambaye hapo awali alifungua mlango na kukuta kazi uani. Jambo hili halitajwi sana katika historia ya usafiri ya Tanzania, na lingestahili kutajwa, kwa sababu ndilo lililoifanya baiskeli kuwa hitaji la kaya ya kawaida badala ya fahari ya mwenye mshahara.

Hitaji hilo lilikuja wakati mgumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na mpaka ukabaki umefungwa hadi 1983. Kwa Tarime, ambako Wakurya wanaishi pande zote mbili za mpaka na ndugu hutenganishwa na kigingi tu, kufungwa huko kuligusa hata pancha. Kulikuwa na baiskeli za Swala zilizotengenezwa Dar es Salaam na kiwanda cha NABICO, na kulikuwa na Phoenix kutoka Shanghai, lakini baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 maduka yalikuwa matupu nchi nzima. Tairi, tyubu na cheni vikapitishwa kwa njia za panya kutoka upande wa Kenya, pamoja na sabuni na sukari. Biashara iliporuhusiwa tena katikati ya miaka ya 1980, baiskeli za India kama Hero na Avon zikaingia kwa wingi, na sura ya baiskeli ya kazi ikawa ile inayoonekana hadi leo.

Kubeba abiria kwa baiskeli, biashara iliyoanzia Busia kwenye mpaka wa Kenya na Uganda katika miaka ya 1960 na kuenea kuzunguka ziwa, ilifaa zaidi miji tambarare kama Kisumu na Shinyanga kuliko milima ya Tarime. Pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zilipofika, na kanuni za mwaka 2010 zikaruhusu pikipiki kupewa leseni ya kubeba abiria, abiria walihama karibu wote. Baiskeli ikabaki na kazi ambazo pikipiki haizifanyi kwa faida, yaani mzigo mzito, mwendo mfupi na malipo madogo.

Chombo na mzigo wake

Baiskeli ya kazi ina fremu ya chuma, magurudumu ya inchi 28 na uzito wa kilo 20 hivi. Haitumiki kama ilivyotoka dukani. Mwenyewe huipeleka kwanza kwa fundi wa kuchomelea, akaiongezea vyuma vya kuimarisha uma wa mbele, akang'oa keria ya kiwandani na kuweka keria ya nondo, pana na ndefu, kisha stendi ya miguu miwili inayoweza kuisimamisha ikiwa na gunia. Mzigo hufungwa kwa mipira iliyochanwa kutoka kwenye tyubu kuukuu, na hakuna kamba ya dukani inayoishinda mipira hiyo, kwa sababu inavutika na kukaza tena kila baiskeli inaporuka jiwe.

Muuza maji wa Mugumu hubeba madumu ya lita 20. Akifunga madumu sita, ana kilo 120 za maji, bila kuhesabu baiskeli yenyewe wala mwili wake. Mji huo unategemea bwawa la Manchira, na bomba linapokauka ndipo baiskeli zinapoonekana kwa wingi mitaani. Muuza maji hapandi akiwa na mzigo kamili, anasukuma. Baiskeli kwake ni mkokoteni wa magurudumu mawili wakati wa kwenda na usafiri wakati wa kurudi.

Maziwa yana utaratibu wake. Mara ni mkoa wa ng'ombe, na viwanda vya maziwa vya Utegi na Musoma viliwahi kutegemea ukusanyaji kutoka vijijini. Mchuuzi hupita kaya kwa kaya kabla jua halijawaka, anapima kwa kikombe, anamimina kwenye madumu yaliyoning'inizwa pande mbili za keria, kisha anakimbilia mjini kabla maziwa hayajachachuka. Muda ndio mtaji wake. Pancha moja saa moja asubuhi inaweza kuyageuza maziwa mabichi kuwa mtindi kabla hayajapata mnunuzi. Kwa hiyo hubeba pampu, viraka na gundi bila kukosa, na hujua fundi yupo wapi katika kila njia panda.

Nyamongo kuna hali nyingine. Mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, uliwavuta watu wengi kwenye vijiji vilivyokuwa vya wakulima na wafugaji, na kuzunguka mgodi kukakua uchimbaji mdogo, maduka, migahawa na ujenzi. Viroba vya mawe ya kusaga, madumu ya maji, mifuko ya saruji na mikate ya asubuhi vyote hupita huko kwa baiskeli na pikipiki, barabara moja na magari makubwa ya mgodi na vumbi lake.

Wanaopanda wengi ni wanaume. Mwanamke wa Tarime hubeba mzigo kichwani na kutembea umbali ule ule ambao mumewe anaupanda. Sababu ya wazi ni umiliki: katika kaya yenye baiskeli moja, baiskeli ni ya mwanamume, kama ng'ombe walivyo wa mwanamume. Hasara yake hulipwa na kaya nzima kwa saa za kazi zinazopotea njiani. Wauguzi, walimu na wanafunzi wa kike wanaopanda wapo, na wameshaonyesha kwamba kilichowazuia wengine hakikuwa nguvu za miguu.

Kandokando ya hifadhi

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951 na yenye kilomita za mraba 14,763, inachukua sehemu kubwa ya mashariki na kusini ya eneo hili. Vijiji kama Robanda, karibu na lango la Ikoma, na vingine vinavyopakana na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, hutoa wapishi, wahudumu, walinzi na watunza bustani wa hoteli na kambi za watalii. Mpandaji wa huko hupanga safari kwa kufuata wanyama. Tembo hutoka porini jioni kuingia mashambani, na nyati na fisi hutembea gizani, kwa hiyo mtu husubiri kupambazuke ndipo aondoke, na mwenye zamu ya usiku hulala kazini hadi asubuhi. Baiskeli haina sauti, na hilo ni hatari: mnyama hakusikii mpaka umemfikia. Wapo wanaopiga kengele kila kona yenye vichaka.

Baiskeli pia imetumiwa na wawindaji haramu kubebea nyamapori, na kwa sababu hiyo mtu mwenye mzigo uliofunikwa usiku karibu na mpaka wa hifadhi hutiliwa shaka. Kibarua asiye na kosa hubeba sehemu ya shaka hiyo.

Barabara

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamhesabu mwenye baiskeli kuwa mtumiaji halali wa barabara. Barabara zenyewe hazikujengwa hivyo. Barabara kuu ya Mwanza, Musoma na Sirari inapitisha malori ya Kenya na mabasi ya mbali, na mpandaji hana njia yake. Ana bega la barabara pale lilipo, na pale lililomong'onyoka ana shimo. Kati ya Tarime na Sirari, kilomita zipatazo 20, fundi ujenzi na dereva wa lori la tani thelathini hugawana lami ile ile.

Barabara ya Tarime hadi Mugumu kupitia Nyamongo, kilomita zipatazo 87, imekuwa ikijengwa kwa lami kwa awamu. Lami ni neema kwa mwenye mzigo, kwa kuwa tope linaondoka na baiskeli inadumu. Lakini lami huleta pia mwendo kasi, na gari linalokwenda kasi haliwezi kumkwepa mtu mwenye madumu sita pasipo bega. Dar es Salaam, Mradi wa Mabasi Yaendayo Haraka uliofunguliwa mwaka 2016 ulijengwa pamoja na njia za baiskeli, na Umoja wa Wapanda Baiskeli, UWABA, umekuwa ukizidai njia hizo jijini kwa miaka. Mara haina sauti ya namna hiyo, ingawa mahitaji yake ni yale yale. TANROADS, inayosimamia barabara kuu na za mkoa, na TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017 kwa barabara za vijijini na mijini, ndizo zinazopanga upana wa bega la lami. Mita moja na nusu ya bega iliyochorwa tangu mwanzo ni rahisi kuliko kurudi kuipanua, na hakuna uwekezaji mwingine mdogo kiasi hicho ambao ungeokoa miguu na maisha ya watu wengi hivyo katika wilaya hizi.

Mafundi na vipuri

Fundi baiskeli hukaa chini ya mti au ubavuni mwa duka, akiwa na karai la maji la kutafutia tundu, tupa, spana chache na kopo la gundi. Baiskeli za mtumba zenye gia zimeongezeka mijini, na vijana wa Tarime wanazipenda kwa sababu zinapanda mlima. Kwa kazi ya mzigo bado hazijashinda: spoki zake ni nyembamba, keria ni dhaifu, na kifaa cha gia kikivunjika hupatikana tu kwa kung'olewa kwenye baiskeli nyingine iliyokufa. Vipuri vya Phoenix na Hero viko kila gulio. Sehemu ya vipuri hivyo hupitia mpakani, Isebania upande wa Kenya na Sirari upande wa Tanzania, ambako wafanyabiashara hupokea fedha za nchi zote mbili, hivyo shilingi ya Kenya ikipanda thamani, bei ya tairi hupanda hadi Mugumu.