SIRI ILIYONASWA HAIFI

Wahenga walisema siri ya mtungi muulize kata. Mitungi yetu siku hizi ni kompyuta na simu za mkononi, na juma hili ningependa tuulizane kata ni nani.

Nianzie hapa kwetu pwani. Mwezi Aprili 1942 ndege za Japani zilishambulia Colombo, na Waingereza wakahamishia Mombasa kituo chao cha kunasa na kufumbua mawasiliano ya wanamaji wa Japani. Shule ya Allidina Visram ikageuzwa kuwa ofisi, na kituo kikajulikana kwa jina la Kilindini. Mwaka huo huo wataalamu wake wakafumbua JN-40, mafumbo ya meli za biashara za Japani. Mtumaji mmoja alikuwa amesahau kutaja mahali meli ilipo, akautuma tena ujumbe ule ule kwa ufunguo ule ule, akiongeza alichosahau. Wafumbuzi wakaulinganisha ujumbe wa kwanza na wa pili, na mlango ukafunguka.

Tuchukue na kisa cha Venona. Mwaka 1943 Wamarekani walianza kushughulikia simu za maandishi za Kisovieti ambazo walikuwa wakizinasa na kuziweka. Kazi hiyo ilisimamishwa mwaka 1980, na mpaka wakati huo ujumbe wa siku za vita ulikuwa bado ukichambuliwa. Waliouandika wengi walikuwa wamekwisha kustaafu au kufariki, lakini siri yao ilikuwa hai katika majalada ya wengine.

Mwaka 1977 ilionekana kana kwamba tatizo hili limekwisha. Rivest, Shamir na Adleman, wa chuo cha MIT huko Marekani, walibuni kufuli la hesabu linaloitwa RSA. Kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni kazi nyepesi. Kupewa jibu na kuambiwa uzitafute namba hizo mbili ni kazi ya kukesha. Walitangaza namba ya tarakimu 129 na zawadi ya dola 100 kwa atakayeichambua. Kwa makadirio ya Rivest, kazi hiyo ingechukua mamilioni ya mabilioni ya miaka. Ilichukua miaka 17. Mwezi Aprili 1994 watu wa kujitolea wapatao 600, wakiunganisha kompyuta zao kwa intaneti, waliipata.

Mwaka huo huo wa 1994 lilitokea jambo kubwa zaidi. Peter Shor, mwanahisabati wa maabara za Bell, alionyesha kwamba kompyuta ya kwantamu, yaani inayotumia tabia za ajabu za chembe ndogo kabisa za maumbile, ingeweza kulifungua kufuli la RSA kwa muda mfupi. Wakati huo kompyuta yenyewe haikuwapo. Mwaka 2001 watafiti wa IBM waliijaribu njia ya Shor kwa kubiti saba, wakapata kwamba 15 ni tatu mara tano. Wako waliocheka, kwani hata mtoto wa shule ya msingi analijua hilo. Lakini Desemba 2024 Google walitangaza chipu yenye kubiti 105, na mwaka 2025 mtafiti wao mmoja alikadiria kwamba kubiti pungufu ya milioni moja zingetosha kulivunja kufuli la RSA linalotumika sana. Mwaka 2019 makadirio yalikuwa milioni 20.

Msikilizaji atasema: basi tusubiri mpaka kompyuta hiyo ije. Hapo ndipo ninapopinga. Anayenasa mawasiliano yetu leo hahitaji kuyasoma leo. Anaweza kuyaweka ghalani, kama yalivyowekwa ya Venona, akangoja ufunguo. Neno la siri la benki utalibadilisha kesho asubuhi. Lakini alama za vidole ulizotoa uliposajili laini ya simu utazibadilishaje? Na jalada la hospitali linaloeleza ugonjwa wako? Siri inayopaswa kudumu miaka 30 ilindwe kwa kufuli la kudumu miaka 30.

Makufuli mapya yapo. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliwaalika wataalamu wa dunia nzima mwaka 2016, na tarehe 13 Agosti 2024 ikatoa viwango vitatu vya kwanza. Nayo hayo tusiyapokee kwa macho yaliyofumbwa. Mwaka 2022 kufuli moja lililokuwa limefika mbali katika mchujo huo, liitwalo SIKE, lilivunjwa na watafiti wa Ubelgiji kwa kompyuta ya kawaida kabisa, kwa muda wa saa moja hivi.

Kwa hiyo ninalotaka kwa serikali zetu, mabenki na makampuni ya simu si kununua mitambo ya fahari. Kwanza waorodheshe siri zetu walizo nazo na miaka zinayopaswa kulindwa. Pili wahakikishe kufuli lolote linaweza kubadilishwa bila kubomoa nyumba nzima. Tatu wakusanye kidogo zaidi, kwani siri isiyokusanywa hainaswi na yeyote.

Tukingoja mpaka tusikie kwamba mlango umefunguliwa, tutakuwa tumechelewa kwa miaka yote ambayo ghala lilikuwa likijazwa. Hayo ndiyo maoni yangu kwa juma hili.