Gofu na Mwiko wa Bukari: Kupima Maisha Baada ya Kupandikizwa Mishipa ya Moyo

Mwaka 1967, katika Cleveland Clinic, René Favaloro alianza kuvuna mshipa wa mguuni na kuupandikiza moyoni ili damu iikwepe sehemu iliyoziba. Kwa muda mrefu baada ya hapo watafiti walihesabu nani kapona na nani kafariki. Vipimo vya namna aliyepona anavyoishi vilichelewa. Sasa vipo, lakini kwa wagonjwa wengi wa Brussels vinapima maisha ya mtu mwingine.

SF-36, dodoso linalotumika sana duniani, linataja miongoni mwa kazi za wastani kusogeza meza, kusukuma mashine ya kufyonza vumbi na kucheza gofu. Mama wa Lubumbashi, Kongo, anayeishi Ixelles jijini Brussels, karibu na mtaa wa Wakongo wa Matonge, hachezi gofu. Anasonga bukari, yaani ugali, na bukari ya watu wanane ni kazi ya mabega na kifua: mkono mmoja umeshika sufuria, wa pili unasukuma na kuvuta mwiko kwenye unga unaozidi kukaza. Mfupa wa kifua uliokatwa kwa msumeno wakati wa upasuaji na kufungwa kwa waya huchukua miezi miwili hadi mitatu kuunga, na katika muda huo mgonjwa hukatazwa kunyanyua vizito, kusukuma na kuvuta. Anaweza kutii katazo la kubeba mifuko ya sokoni huku akiendelea kusonga, kwa kuwa hakuna aliyemtajia mwiko. Wala mjukuu wa miaka miwili, ambaye kwa mizani ni mzigo kamili.

Ngazi dodoso linaziuliza, tena vizuri. Ila nyumba nyingi za zamani za Brussels ni nyembamba, ndefu, na hazina lifti. Wagonjwa wawili wanaopata alama ileile, mmoja wa chini na mwingine wa ghorofa ya nne, hawana uhuru uleule wa kutoka nje.

Wastani nao una kasoro yake. Katika utafiti wa SYNTAX, uliohusisha wagonjwa 1,800 wa Ulaya na Marekani, waliowekewa stenti, yaani kijirija cha kupanua mshipa bila kupasuliwa kifua, walikuwa na hali bora mwezi wa kwanza kuliko waliopasuliwa. Kufikia miezi sita na mwaka, waliopasuliwa ndio waliopungukiwa zaidi na maumivu ya kifua, ingawa kwa tofauti ndogo. Kitakwimu, upasuaji haukushindwa. Lakini anayefagia ofisi kabla ya alfajiri huishi kwanza mwezi ule wa kwanza.

Bima ya lazima ya Ubelgiji hugharimia hadi vikao 45 vya utengamao wa moyo. Hapo ndipo pa kurekebishia. Watakwimu watapinga kwamba kila mgonjwa akijichagulia kipimo, matokeo hayatalinganishika. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana SF-36 ibaki. Iongezewe njia waliyoichapisha Paul Stratford na wenzake nchini Kanada mwaka 1995: mgonjwa hutaja mwenyewe shughuli chache zinazomshinda, kisha huzipa kila moja alama kuanzia 0 hadi 10. Kwenye kikao cha kwanza kati ya vile 45, haichukui hata robo saa.