Mizuka na Hati za Mali: Ann Radcliffe na Riwaya ya Kigothi

Ann Radcliffe alizaliwa mjini London tarehe 9 Julai 1764, mwaka ule ule ambao Horace Walpole alitoa The Castle of Otranto, kazi inayohesabiwa kuwa chimbuko la riwaya ya Kigothi, yaani riwaya ya makasri ya kale, siri za ukoo na matukio ya kuogofya. Mwaka 1787 aliolewa na William Radcliffe, mwandishi wa habari, na kati ya mwaka 1789 na 1797 akachapisha riwaya tano. The Mysteries of Udolpho (1794) ilimpatia pauni 500, na The Italian (1797) pauni 800, malipo makubwa mno kwa zama hizo. Kisha akanyamaza. Hakuchapisha riwaya nyingine hadi alipofariki tarehe 7 Februari 1823, na ukimya huo ukazua uvumi kwamba alikuwa amerukwa na akili.

Wahakiki kadhaa, Walter Scott akiwa miongoni mwao, walimkosoa kwa jambo moja la kifani: mambo ya ajabu katika riwaya zake hatimaye hupewa maelezo ya kawaida. Maiti inayodhaniwa kufichwa nyuma ya pazia jeusi katika Udolpho ni sanamu ya nta, na msomaji aliyetiwa hofu kwa kurasa nyingi hujiona amehadaiwa. Hoja hii ina uzito, lakini inapuuza swali la msingi: mzuka ukishaondoka, hubaki nini?

Katika A Sicilian Romance (1790), chanzo cha mwangaza na milio katika sehemu ya kasri iliyohamwa ni mke wa mwenye kasri. Mumewe alimtangaza kuwa amekufa, akamfungia humo kwa miaka mingi ili apate kuoa mwingine. Hapa maelezo ya kawaida yanatisha kuliko mzuka. Vivyo hivyo katika Udolpho, Montoni anamfungia mkewe mnarani ili amlazimishe kutia saini hati ya kumwachia mashamba yake nchini Ufaransa. Mwanamke huyo anakufa bila kutia saini, na shinikizo linamgeukia Emily, mtoto wa kaka yake na mrithi wake.

Ingawa mandhari ya riwaya hizi ni Italia na Ufaransa za kale, muktadha wake ni Uingereza, ambako kisheria fedha za mke zilikuwa za mumewe, hadi marekebisho ya mwaka 1870 na 1882. Hii haina maana kwamba Radcliffe alikuwa akisimulia ndoa yake. Mumewe ndiye aliyemhimiza kuandika. Hakuhitaji mume katili ili aione hatari hiyo. Ilitosha kuijua sheria.

Warithi wake waliielewa hoja hii. Katika Northanger Abbey, iliyotoka mwishoni mwa 1817, Jane Austen anamfanyia tashtiti msichana anayesoma Udolpho na kushuku mauaji. Lakini mwenye nyumba anayeshukiwa, ijapokuwa hakuua, anamfukuza msichana huyo kwa kuwa hana mali. Charlotte Brontë naye, katika Jane Eyre (1847), alimrudisha mke aliyefungiwa. Ellen Moers alipoasisi istilahi ya Ugothi wa kike mwaka 1976, alikuwa akiupa jina mkondo uliokwisha kuchimbwa na Radcliffe. Kumhukumu kwa mizuka yake, basi, ni kumsoma nusu.